Vijana Kumi na Wanane wa Daftarini

Jumatatu, 7 Novemba 1994
Bwana Godwin, mkuu wa maktaba, katangaza mkaguzi anakuja Ijumaa kutoka Musoma. Kipindi cha vijana kisipokuwa na watu, kinafutwa. Kipindi changu! Leo kaja kijana mmoja. Kaomba maji, kaondoka. Wengine wote wako machimboni, dhahabu imewatia wazimu. Felistas wa kitengo cha watoto amejaza mpaka madirishani. Kaniuliza anigawie wachache?

Jumanne, 8 Novemba
Dawa imepatikana. Nimejaza daftari la mahudhurio: vijana kumi na wanane wa hapahapa, kalamu tatu, saini nyingine kwa mkono wa kushoto. Rhobi, binti wa jirani yangu Mama Mniko, nimemchorea saini yenye ua. Bwana Godwin kafurahi mno. Felistas kashangaa hakusikia hata kikohozi. Nimemwambia wangu wanasoma kimya.

Jumatano, 9 Novemba
Ni usiku, lakini naandika.

Saa nane nilijaza daftari kama jana. Saa tisa shimo moja machimboni likaporomoka. Mama Mniko akaja mbio, miguu mitupu, akimuulizia Rhobi. Bwana Godwin akafungua daftari, akamsomea: Rhobi yuko hapa tangu saa nane. Mama akaketi sakafuni, akalia kwa furaha. Akanibariki! Nikasema binti katoka sasa hivi.

Nikakimbilia machimboni. Wawili walikuwa wameshatolewa, wazima. Mtu mmoja alidhani alimwona Rhobi mdomoni mwa shimo. Nyangwine, msimamizi wa machimbo, ambaye habari ya daftari ilishamfikia, akamjibu Rhobi yuko salama, maktaba wameandika. Watu wakaanza kukusanya majembe waondoke.

Nikisema, kazi imekwenda. Nisiposema... Nikadai nasikia sauti chini. Nyangwine akatega sikio. Hakusikia kitu. Nikawashauri wachimbe tu, huenda kuna dhahabu! Wakanitazama kama mgonjwa.

Ndipo Felistas akafika, Mama Mniko nyuma yake. Akaniuliza mbele ya wote:

“Simioni, leo ulimwona Rhobi kwa macho yako?”

Nikamtazama Mama Mniko.

“Sikumwona. Niliandika tu.”

Nyangwine hakunipiga. Alinipa sururu. Tulichimba, Mama akiita jina la mwanawe bila kupumzika. Karibu saa kumi na mbili, Rhobi akaitika. Alikuwa amebanwa chini ya magogo, mguu umevunjika. Mzima!

Mama alinipita, akamfuata mwanawe. Heri angenizaba kofi.

Ijumaa, 11 Novemba
Viganja vyote malengelenge. Mama Mniko kaja maktaba. Hajui kusoma. Kaniomba nimwonyeshe jina la Rhobi, kisha nilifute mwenyewe, yeye akitazama. Nimelifuta.

Kipindi changu kapewa Felistas. Mchana kabeba vitabu kwa kikapu hadi machimboni, wakati wa chakula. Vijana kumi na mmoja wamekaa juu ya mawe, wanasoma! Mkaguzi kawaona kwa macho yake. Kampa mkono Felistas. Mimi kaniuliza choo kiko wapi.

Jumatatu, 14 Novemba
Sikufukuzwa. Felistas kaniombea msamaha, jambo linaloniuma zaidi. Nimepewa kadi za kuazimia vitabu. Rafu yangu imedorora, kadi ishirini hazina hata jina moja.

Lakini somo limeniingia. Kamwe sitaandika tena mtoto wa mtu! Safari hii majina yote nimeyabuni mwenyewe, tangu la kwanza hadi la ishirini. Asiyezaliwa hafukiwi.