Kofia ya Borghild na Vita vya Majiko Mawili

Sogezeni viti, enyi watu wa baridi na watu wa joto, fungeni midomo na kufungua masikio, niwasimulie vita vya majiko mawili vilivyopiganwa huku Tynset, kaskazini kwenye theluji, na shujaa wake, Halvard bin Olav, Mpanga-Kuni Asiye na Mfano, ambaye ndiye mimi mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyekubali kusimulia habari zangu.

Jiko letu la kuotea moto lilipasuka Novemba, majuma machache tu kabla mama mkwe wangu, Borghild, mwenye miaka themanini na minne, hajaja kukaa kwetu siku tatu, kisha aamue: ahamie kwetu au aende nyumba ya wazee mjini. Mke wangu Turid alikosa raha kabisa. Nami, ijapokuwa mashujaa hawasemi mambo haya, nilimtaka bibi yule nyumbani, kwani ndiye pekee anayecheka mizaha yangu.

Basi nikashuka dukani, nikasimama baina ya majabari mawili. Kuliani jiko la chuma cha kusubu, kile kiyeyushwacho na kumiminwa kwenye kalibu, zito kama ng'ombe, lipatalo moto polepole na kuutunza hadi alfajiri; kushotoni jiko la chuma cha pua, jepesi, lipatalo moto upesi na kupoa upesi. Majuma matatu nilikwenda na kurudi, nikayagonga kwa vidole, nikayakumbatia, hata wauzaji wakiniona hujificha nyuma ya rafu.

"Enyi vyuma!" nikanena mbele ya wateja. "Mmoja wenu atabeba heshima ya ukoo!"

"Halvard, chukua lolote twende," akasema Turid. "Watu wanatuangalia."

Nikachagua la kusubu. Wanaume wanne walilibeba, nami nikabeba kijitabu cha maelekezo.

Ijumaa Borghild akafika, akaketi mbele ya jiko, mwilini koti lake na kichwani kofia yake ya sufu. Nikawasha. Jiko likafuka, likazomea, likalia machozi meusi. Jumamosi vivyo hivyo. Jumapili asubuhi, nje baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, bibi alikuwa bado ndani ya kofia, akinywa kahawa, glavu mikononi.

"Nimesalitiwa na chuma!" nikalia. "Kesho nalirudisha! Laiti ningechukua la pua!"

"Unachoma nini humo?" akauliza Borghild.

"Vipande vya msonobari, mama. Vilibaki nilipojenga banda."

"Vibichi?"

"Vina... unyevu kidogo."

"Na zile pale nje je?"

Lo! Pale nje lilisimama lundo langu: kuni kavu za mti wa gome jeupe, zimepangwa mviringo, juu kuba, bila ufa wa kupitisha panya. Majirani hupunguza mwendo wa magari wakilipita.

"Zile haziguswi, mama," akasema Turid. "Mwaka wa tatu huu. Ukichomoa moja tu, huyu anaugua."

"Ni za akiba," nikanena.

Borghild akaweka kikombe chini. "Baba yake Turid alikuwa na lundo zuri kuliko lako. Tulimzika Februari, halijapungua hata gogo moja. Watu walilisifu sana msibani. Mimi baridi ya miaka ile iliniachia magoti haya."

Nikaona aibu, aibu ya kweli isiyo na tarumbeta.

Nikatoka. Mbele ya ngome yangu nikatoa hotuba ya kuaga, ndefu hata Turid akagonga dirisha. Nikachomoa gogo moja. Lundo likaguna, likatafakari, likaniporomokea hadi kiunoni. Jirani mmoja akasimamisha gari, akavua kofia kama aliyekutana na jeneza.

Nikaingia na mzigo kifuani, na jiko likaupokea. Likaacha kuzomea, likanguruma. Kufikia saa sita joto lilikuwa limefika kwenye kochi. Je, la pua lingeweza hivyo? Bila shaka lingeweza, tena mapema zaidi.

Na saa nane mchana, waandishi wa historia na waandike, Borghild alivua kofia. Akaiweka mezani, nywele zake zimelala upande mmoja.

"Halvard," akasema, "kesho kaniletee kiti changu cha kubembea. Na zile kuni zilizoanguka, usithubutu kuzipanga tena."

Hivyo ndivyo ukoo wa Olav ulivyoishinda baridi, na ushindi huo usisahauliwe na vizazi. Nami kuni sikuzipanga tena, ila safu moja tu, fupi, nyuma ya banda, ambako kutoka kwenye kiti chake hakuonekani.