Haijasoma, Rudia

Siku Jilala alipoondoka Katoro ilikuwa Jumanne, na simu yake aliiacha kwenye chaji. Alikuwa amesikia kuna rashi upande wa Bulyanhulu, dhahabu imeonekana mahali papya na watu wanakimbilia, na mchimbaji akisikia habari kama hiyo hana muda wa kungoja betri ijae. Alikunywa uji akiwa amesimama, akamwambia mkewe Paskalia kwamba angerudi Jumapili, akapanda bodaboda na sururu yake mgongoni. Jioni Paskalia alipita kwenye kibanda cha kuchajia akaichukua ile simu. Ilikuwa imejaa. Jumapili ikapita, ikapita na nyingine, Jilala hakuonekana.

Mwezi wa tatu tangu aondoke, polisi walimwita Paskalia. Duara moja, shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa limeporomoka huko, wakafukua miili miwili isiyo na wenyewe. Kabla ya kumwonyesha chochote walimkalisha kwenye benchi wakamuuliza mambo ambayo bibi harusi haulizwi kanisani: mume wako ana urefu gani, anavaa kiatu namba ngapi, jino lipi halipo, mkono upi umewahi kuvunjika. Paskalia alijishangaa kwa jinsi alivyoyajua yote. Urefu aliuonyesha kwa kiganja, usawa wa nyusi zake mwenyewe, maana Jilala alikuwa mfupi na hakupenda jambo hilo litajwe mbele za watu. Daktari akapima mfupa wa paja, akapiga hesabu kwenye karatasi, akasema mwenye mfupa ule angelazimika kuinama kwenye mlango wa ofisi. Wa pili alikuwa na meno yote. Alama za vidole zingewasaidia zaidi, lakini kwenye fomu ya kitambulisho ya Jilala, penye nafasi za vidole kumi, karani alikuwa ameandika neno moja mara kumi: haisomeki.

Watu wa machimbo ndivyo walivyo. Mungu amempa kila mtu mistari yake kwenye ncha za vidole, isiyofanana na ya mwingine yeyote duniani, na watu wa Katoro wameiacha kwenye mawe. Paskalia mwenyewe alikuwa anaosha mchanga wa dhahabu mwaloni, mahali pa kusagia na kuoshea mawe, na vidole vyake vilikuwa laini kama yai.

Akarudi nyumbani bila msiba na bila mume. Kilichobaki ni ile simu, na alikuwa na sababu ya kuishikilia. Jilala hakukariri namba ya mtu yeyote. Hata mkewe alikuwa ameandikwa humo "Mama Wema", akitaka kumpigia anabonyeza jina. Namba pekee aliyokuwa nayo kichwani ni ya kwake mwenyewe. Kama yuko hai mahali, na mtu akamwazima simu, atapiga namba gani kama si hiyo? Kwa hiyo Paskalia aliichaji kila siku, akaenda nayo mwaloni imefungwa kwenye mfuko wa plastiki.

Halafu ukaja ule mwaka wa kusajili laini kwa alama za vidole. Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Jilala, wa adabu kabisa: Ndugu mteja, laini yako isiposajiliwa itafungwa. Ukataja na tarehe.

Mwaka huohuo akaingia Katoro kijana wa kuitwa Pantaleo, na mwavuli mkubwa, na meza ya plastiki, na kimashine cha kusajilia laini. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Aliwaamkia wazee shikamoo kabla hawajamtazama, na kina mama wa mwaloni aliwaita mayu, yaani mama, kama mtoto wa Kisukuma, ingawa lafudhi yake ilikuwa ya mbali. Aliuweka mwavuli wake karibu na wauza dagaa, akasikiliza kwa siku nzima, na katika kusikiliza huko akauona utajiri ambao wachimbaji wote walikuwa wameukalia.

Utajiri wenyewe ni huu. Pantaleo alikuwa na mchezo wake. Mteja anatoa namba ya kitambulisho, anaweka kidole mara mbili, laini inasajiliwa. Pantaleo anakunja uso kwa huzuni, anasema, "Haijasoma. Rudia." Mteja anarudia, na hapo inazaliwa laini nyingine kwa jina lake, ambayo hataiona maishani. Laini hizo Pantaleo aliwauzia wale jamaa wanaotuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Katika miji mingine ukimwambia mtu arudie mara tatu anaanza kukutazama usoni. Katoro ukimwambia haijasoma, anakupa pole wewe. Wamezoea. Wanajifutia kidole kwenye suruali na kukileta tena kwa unyenyekevu, na wale ambao bado wana mistari, wenye maduka na mafundi cherehani, wanafurahi kwamba nao wameanza kufanana na wachimbaji.

Tena alitoa zawadi ya bando kwa kila aliyesajili. Muuza dagaa mmoja, jina lake Sikujua, alipanga foleni mara tatu kwa siku moja ili apate mabando matatu, akiwa amebadilisha kofia asijulikane. Pantaleo alimtambua kila mara na kila mara akamkaribisha kama mgeni.

Baada ya wiki tatu Sikujua akaitwa kituoni. Mwalimu mmoja wa Tabora alikuwa ametapeliwa na laini yenye jina la Sikujua.

"Jina lako?" askari akauliza.

"Sikujua."

"Hukujua nini? Nimekuuliza jina."

Walichukua muda mrefu hapo. Mwishowe askari akamwonyesha kwamba ana laini kumi na nne, akamwambia ajitafutie ushahidi kabla hajaandikiwa mashtaka, na asiweke kidole chake popote tena, hata kwenye kitabu cha wageni. Habari hiyo ilienea sokoni kabla Sikujua mwenyewe hajarudi, ingawa hakuna aliyejua zile laini zilitoka wapi.

Siku hizo zote Paskalia alikuwa mteja wa Pantaleo wa kila jioni, akitaka kuisajili laini ya Jilala kwa jina lake mwenyewe. Kwa upande wake ile mashine haikudanganya. Walijaribu vidole kumi. Pantaleo alivipaka mafuta, akavifuta kwa limau, akavipulizia pumzi yenye joto, na alijitahidi kwa moyo wake wote, kwa kuwa kila kidole kinachosoma kilikuwa na faida kwake. Haikusoma.

"Mayu, wewe huna mistari," akamwambia siku moja. "Kwa hiki kimashine bado hujazaliwa."

"Na watoto nimezaa na nani?"

"Hilo halina kitufe hapa."

Paskalia akaenda kuomba kidole kwa watu, wamsajilie laini kwa majina yao. Mwenye hoteli alikokuwa anakunywa chai Jilala alisema angependa sana, lakini baada ya yaliyompata Sikujua anaogopa. Mzee wa kanisa alisema laini ya mtu asiyejulikana aliko ni jambo la kuliombea kwanza. Fundi cherehani alisema kidole chake kinauma. Hakuna aliyekuwa mbaya. Walimpa viti, wakampa na maji ya kunywa, ila kidole hawakumpa.

Siku ya mwisho iliyotajwa kwenye ujumbe, asubuhi, Sikujua alikuja mwaloni na fimbo. Usiku kucha alikuwa amewaza, na kwa mara ya kwanza akakumbuka vizuri idadi ya mara alizoambiwa arudie. Alimweleza Paskalia na mwenzake wa mwaloni, Klara, akasema sasa anakwenda kumvunja yule kijana mikono yote miwili.

"Ukimpiga atakimbia," Paskalia akasema.

"Ndiyo ninachotaka, akimbie huku anachechemea."

"Na laini ya Baba Wema inafungwa leo. Subiri kwanza nisajili, baba. Ukishaona nimemaliza, yeye ni wako."

Sikujua aliona ni ombi la haki. Akaiegemeza fimbo kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe.

Mchana walikwenda kwenye mwavuli wanawake tisa wa mwaloni, wamejifunga kanga zenye tope, Paskalia mbele. Watu walikuwa wengi, foleni imefika kwa wauza nyanya. Pantaleo alimpokea kwa upole wa mtu anayempokea mgonjwa asiyepona. Akaingiza namba ya simu ya Jilala, akaingiza namba ya kitambulisho ya Paskalia, kidole kikawekwa, taa nyekundu. Haijasoma.

Paskalia hakuondoka. Aligeuka akawaambia watu walio nyuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba hiki kimashine ni kibovu na wanapoteza muda.

Klara naye akaweka kidole, kikakataa. Akaweka wa tatu, kikakataa. Wanawake tisa wa mwaloni, vidole tisini, na taa nyekundu kila mara. Foleni ikaanza kunung'unika. Mtu mmoja alisema kuna wakala mwingine karibu na stendi mwenye kimashine kipya. Watu watatu wakatoka kwenye mstari, halafu watano.

Ni hapo Pantaleo alipoingia kwenye shimo, na hakuna aliyemsukuma. Mtu anaweza kumwita tapeli akanyamaza, lakini kumwambia kifaa chake ni kibovu mbele ya wateja, hilo hawezi kulivumilia. Akasimama. Akafuta namba ya kitambulisho ya Paskalia, akaandika ya kwake aliyoijua kwa kichwa, akakunja mkono wa shati.

"Jamani, tazameni wenyewe. Naweka changu."

Aliweka kidole gumba. Kilikuwa kidole kizuri, ambacho hakijawahi kushika sururu, kina mistari kama shamba la matuta. Taa ya kijani ikawaka.

"Mmeona?"

"Mimi sijaona," Paskalia akasema. "Huyu baba alinikinga. Rudia."

"Haijasoma," Klara akasema.

"Haijasoma," wakasema wa nyuma, ambao hawakuona kitu. "Rudia."

Kwenye vimashine vile kidole cha kwanza ni cha kukujua wewe ni nani, na cha pili ni cha kukubali. Pantaleo alilijua hilo kuliko mtu yeyote Katoro, ndilo lililokuwa shamba lake. Lakini wale waliotoka kwenye mstari walikuwa wamesimama njia panda wanamtazama, na sifa nayo ina mkono wake. Akainua kimashine juu wakione wote, akabandika gumba lake mara ya pili. Kijani.

Simu ya Jilala ikalia ndani ya mfuko wa plastiki. Paskalia akaifungua, akasoma ujumbe polepole.

"Ndugu Bartholomeo Eliya. Usajili wa laini yako umekamilika. Asante."

Pantaleo alitazama kimashine, akatazama kidole chake, kana kwamba kimoja kati ya hivyo kimemsaliti na hajui kipi.

"Bartholomeo ni nani?" Klara akauliza.

"Ni jina la ubatizo."

"Na Pantaleo?"

"Nalo la ubatizo."

"Ulibatizwa ukaambiwa haijasoma, rudia?"

Kicheko kilikuwa hakijaisha Sikujua alipotokea nyuma ya wauza nyanya na fimbo yake. Bartholomeo hakusubiri kusalimiwa. Aliruka meza, akaparamia bodaboda iliyokuwa na mteja tayari, na hao wawili wakaondoka naye kuelekea Ushirombo. Mwavuli, meza na kimashine vilibaki. Sikujua alikipeleka kimashine kituoni, kikakutwa kimeweka kumbukumbu ya kila kidole na kila laini, kwa saa na dakika, na jina lake likasafishwa. Siku hiyo askari alimuuliza jina akacheka kabla hajajibiwa.

Mvua za kwanza zilipoanza, simu ya Jilala iliita mchana mwaloni. Namba ngeni. Mikono ya Paskalia ilikuwa na tope mpaka viwiko, ikabidi Klara ampokelee na kumwekea sikioni.

"Jilala," Paskalia akasema.

Mtu akakohoa upande wa pili.

"Jilala, ni wewe?"

"Shikamoo, mayu. Ni mimi, Bartholomeo."

Paskalia alikaa chini juu ya viroba. Klara alipotaka kukata, akamzuia kwa kichwa. Bartholomeo alikuwa na ombi. Alitaka ile laini ifungwe. Kuifunga mwenyewe inabidi aende ofisini akaweke kidole, na siku atakapoweka kidole ofisi yoyote, polisi watajua alipo.

"Mnatumia jina langu, mayu. Si vizuri."

"Tunalitumia vizuri kuliko wewe."

"Polisi hawajaipiga hiyo namba?"

"Walipiga mara moja. Wakamtaka mwenye laini. Nikawaambia hayupo."

Bartholomeo akaguna. Kisha akauliza, safari hii bila ule ujanja wa sauti, laini hiyo ilikuwa ya nani hasa, maana amesajili mamia na hajaona mtu akiihangaikia laini namna hiyo. Paskalia akamweleza: Jumanne, rashi, chaji, na namba moja tu kichwani. Alisema maneno machache. Klara akaitazama simu kuona kama haijakatika.

"Basi iache," yule kijana akasema. "Iache hivyohivyo."

Tangu hapo hupiga mara moja moja, kila mara kwa namba mpya, na ndiye aliyesimulia jinsi siku ya kwanza alivyokaa akiwasikiliza wauza dagaa. Hasemi aliko. Akipiga huanza kusema jina lake haraka, kabla Paskalia hajasema la mtu mwingine, halafu huuliza kama kuna habari. Paskalia humwambia bado.

Sasa ni mwaka wa sita tangu Jilala aondoke. Laini ipo hewani kwa jina la Bartholomeo Eliya. Isipotumika hufungwa, kwa hiyo Paskalia huiwekea vocha kila mwisho wa mwezi.