Jinsi Mwenye Meno Alivyofunga Kinywa kwa Ajili ya Viza

Jongeeni, enyi nyote mliowahi kusimama mbele ya kioo chenye kitundu mkaambiwa rudini kesho! Jongeeni, mlioshika namba ya foleni hata ikalowa jasho kiganjani! Zimeni simu, tulizeni watoto, kwa maana ninayoyanena si ya paka kuangusha sufuria. Nanena vita vya mtu mmoja na midomo yake miwili. Na asinibishie mtu, kwani siku ile nilikuwapo, na shuka jeupe nililishika mimi kwa mikono yangu.

Mimi ni mbeba mizigo katika hoteli ya ghorofa nne, na shujaa wetu ni mpokea wageni wa hoteli hiyohiyo, jemadari wa kaunta, mlinzi wa funguo arobaini na mbili, ambaye sisi wenzake twamwita Mwenye Meno. Jina hilo hakupewa bure. Kwa miaka kumi na mmoja amefundishwa na kukaripiwa kwamba mgeni akiinua uso, meno yatoke. Nayo yakazoea kutoka yenyewe, pasipo kungoja amri. Mkanyage mguu, atatabasamu. Mwambie lifti imekufa na mgeni wa ghorofa ya nne ana masanduku sita, atatabasamu, kisha nitakayepanda ni mimi.

Bwana huyu alimwoa Mwalimu, binti wa ng'ambo aliyekuja kufundisha hesabu mwaka mmoja akakaa sita, kwa sababu ambayo hata kipofu angeiona. Sasa Mwalimu ameitwa na shule ya kwao, na wamekwisha kukata tiketi mbili za ndege moja. Lakini kwao mume haingii hivi hivi kwa kuwa ni mume. Sharti aombewe viza ya mwenza, na ofisi ya viza ilikuwa imeyarudisha maombi mara tatu, kila mara kwa maneno yaleyale ya wino mwekundu: PICHA HAIFAI. MENO YANAONEKANA.

Barua ya mwisho haikuwa na mchezo. Picha ifike kabla ya saa sita mchana, siku ya Ijumaa. Isipofika, nafasi yao ya mahojiano Jumatano apewe mwingine, nao wangoje miezi minane. Miezi minane! Na hawa ni watu ambao hata kiberiti huenda kununua wawili.

Basi Ijumaa, saa nne asubuhi, tukaingia studio. Ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la miwani, chenye kiti kisicho na mgongo, kitana kilichofungwa kwa uzi kwenye kioo ili kisipate miguu, na ukuta uliochorwa maporomoko ya maji. Viza haitaki maporomoko, yataka weupe. Ndipo nikalikunjua shuka la chumba namba kumi na nne nikasimama nalo nyuma ya shujaa, mikono juu, kama mtu aliyetekwa.

Mwenye Meno akakaa kitini, akavuta pumzi, akanena kwa sauti ya kutikisa dirisha: "Enyi midomo yangu, ndugu wawili mliozaliwa siku moja! Nimewalisha, nimewapaka mafuta wakati wa baridi. Leo nawaomba jambo moja tu: fungeni lango, msimtoe nje askari hata mmoja, hadi taa ile iwake na kuzimika!"

"Wewe, acha hotuba," akasema Mwalimu. "Kaa wima. Kola yako imepinda."

Mpiga picha, mzee mwenye fulana ya mifuko tisa, akainama nyuma ya kamera. Midomo ya shujaa ikafungwa, naapa ilifungwa, ikakaza kama mfuniko wa chupa ya dawa. Ndipo yule mzee akasema, "Haya, tabasamu kidogo, bwana harusi!"

Yakatoka yote thelathini na mawili.

"Mzee wangu, tumekubaliana nini?" akauliza Mwalimu.

"Nisamehe, mama. Mdomo umetangulia. Miaka thelathini nasema hivyo kabla ya kubonyeza. Nisiposema, kidole hakiendi."

Hapo ndipo nilipotambua ukubwa wa msiba wetu. Mmoja hawezi kupiga picha bila kusema tabasamu, mwingine hawezi kutazamwa bila kutabasamu, na saa ya ukutani haina ndugu wala rafiki.

Shangazi yake Mwenye Meno, mwanamke mwenye dawa ya kila jambo, alikuwa amemwagiza afikirie mazishi ya bibi. Akayafikiria. Macho yakalegea, uso ukaingia kivuli, tukapata tumaini. Kisha akakumbuka jinsi mjomba alivyosinzia katikati ya hotuba za rambirambi akaanguka na kiti, na mabega yakaanza kutikisika. Tukamjaza maji mdomoni. Mashavu yakatuna, picha ikatoka ya mtu mwenye matubwitubwi. Mara ya pili akageuza shingo, akapiga chafya, na shuka la chumba namba kumi na nne likapokea yote. Saa tano u nusu ikagonga.

Mwalimu akakaa kwenye benchi. Mwanamke huyu nimemwona akigombana na wenye nyumba, na mabomba, na wanafunzi arobaini wa kidato cha pili, wala sijamwona akichoka. Sasa alikuwa amechoka.

"Mume wangu, nitazame," akasema polepole. "Shule nimeshawaahidi. Ukikosa, mimi nitaondoka. Nitakaa peke yangu miezi minane, nitapika sufuria ya mtu mmoja, na chumvi nitaikosea kila siku, maana nimezoea kukupimia wewe. Sijawahi kuogopa hesabu. Lakini hii ya kutoa mmoja kwenye wawili, siiwezi."

Meno yakarudi ndani. Hayakufukuzwa na mtu. Yalirudi yenyewe, taratibu, na uso uliobaki ulikuwa wa mtu ambaye sisi wa hotelini hatukuwahi kukutana naye. Nami nikaona mpiga picha anavuta pumzi, nikajua lijalo, nikaliachia shuka mkono mmoja, nikajinyoosha pembeni mwa shujaa, kwani chumba chenyewe hakifiki hatua mbili, na kwa mkono huo nikaufumba mdomo wa yule mzee. "Tmm-mm-mm kndg!" akasema ndani ya kiganja changu. Kidole kikaenda. Taa ikawaka. Kwenye pembe ya picha hiyo pana kivuli kidogo. Kivuli hicho ni kiwiko changu, wajukuu waambiwe.

Tulikimbia. Saa sita kasoro dakika nane tukafika dirisha namba tatu la ofisi ya viza, wao wawili mbele, mimi nyuma ya mstari wa njano na shuka begani. Karani, mama mwenye miwani ya kuning'inia, akaichukua picha. Akaitazama. Akamwinulia uso Mwenye Meno. Nanyi mnajua mtu huyu hufanya nini akiinuliwa uso.

"Huyu siye," akasema karani.

"Ni mimi, mama yangu, mtukufu wa dirisha, mshika muhuri!"

"Wa kwenye picha ana majonzi. Wewe unacheka. Nioneshe uso huu hapa."

Mwalimu akamnong'oneza: "Sufuria ya mtu mmoja. Chumvi." Wapi! Mume alikuwa amemshika mkewe mkono, picha iko dirishani, na furaha ilikuwa imempanda hadi masikioni. Saa sita kasoro dakika tatu. Karani akahema, akaanza kukusanya karatasi zake.

"Hata ningeipokea, kazi haijaisha," akasema. "Jumatano mje na cheti cha polisi, picha ya kifua kutoka hospitali, na cheti cha ndoa kilichotafsiriwa na kugongwa muhuri pande zote mbili. Fomu ya kurasa kumi na nne, nakala tatu, kwa mkono, bila kufuta. Na siku hiyo utapigwa picha nyingine hapahapa, kwa kamera yetu. Bila meno."

Uso wa Mwenye Meno ukaanguka.

"Usisogee!" akapiga kelele Mwalimu. "Mama, tazama! Tazama sasa!"

Karani akaivaa miwani. Akatazama picha, akatazama mtu, akatazama picha.

"Ahaa," akasema. "Ndiye." Akagonga muhuri.

Basi iandikwe, na atakayenakili asipunguze neno: siku ya Ijumaa, saa sita kasoro dakika moja, mtu mmoja alinuna kwa ajili ya mapenzi, na dola ikakiri. Mlangoni mlinzi aliinua uso kutuaga, na Mwenye Meno akamlipa yote thelathini na mawili.