Hotuba ya Kuzindua Runinga ya Bweni, Iliyotolewa Juu ya Mabomba

Ndugu Meneja Mkuu wa Ujenzi, ambaye hakuweza kufika. Ndugu Makamu wake, aliyetumwa kumwakilisha na akamwakilisha vyema kwa kutofika naye. Waheshimiwa Wahandisi, mliobaki garini kwa sababu ya vumbi. Ndugu Mnyapara, jicho letu na fimbo yetu. Mama Jiko na jeshi lako la masufuria. Mafundi, vibarua, wachanganya zege, wapanda mabomba, na ninyi wa nyuma mnaodhani sijaona kwamba mmevua viatu: kwa niaba yangu mwenyewe, kama Afisa Ustawi wa Wafanyakazi, najipongeza.

(Mnyapara anapiga makofi. Na sisi tunapiga.)

Asanteni, kaeni. Naona mmekwisha kukaa.

Niliomba jukwaa refu ili ustawi uonekane na kila mtu, nanyi mkaniinulia hili la mabomba na mbao, kimo cha watu wanne waliopandiana mabegani. Nilipouliza mbona halina ukingo wala kitu chochote chini, nikajibiwa kwamba ndivyo tunavyojenga hapa. Vizuri sana. Huo ndio uthabiti wa viwango. Nimefahamishwa pia kuhusu desturi yenu: aliye juu akitaka kuteremka husema "nashuka", aliye chini hujibu "nimekushika", na hapo tu ndipo mguu unagusa ngazi. Ni desturi nzuri, ingawa haijaingizwa kwenye mfumo. Mshika ngazi wangu leo ni huyu bwana mnayemwita Kimya, ambaye tangu nipande hajanijibu hata salamu.

("Ndiyo maana anaitwa Kimya, bosi!" Kicheko.)

Sasa niingie kwenye mada. Mtakumbuka kwamba mwezi uliopita mwenzetu Paka, kaka yake huyu Kimya, alihama kutoka ghorofa ya tatu kwenda chini bila kufuata utaratibu wa ngazi. Tunamshukuru Mungu, rundo la mchanga lilimpokea, na mguu mmoja tu ndio ulioathirika. Baada ya tukio hilo mlituma wajumbe ofisini kwangu kuomba wavu wa kufunga chini ya jukwaa la mbele ya jengo, ili anayeteleza anaswe. Ombi hilo halikupuuzwa, nasema halikupuuzwa! Iliundwa kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, kamati ndogo ikafanya tathmini ya kina shirikishi, na tathmini ikabaini mambo mazito: kwamba asilimia tisini na tisa ya wafanyakazi wetu hawajawahi kuanguka, kwamba wengi wa wanaoanguka hawarudii, na kwamba chanzo kikuu cha kuanguka si kukosa wavu, bali ni upungufu wa morali.

("Upungufu wa nini?" "Morali." "Basi Paka alikanyaga morali iliyolowa." Kicheko. Mnyapara anageuka, hakuna aliyesema.)

Ndiyo maana leo nazindua rasmi hii runinga, hii hapa pembeni yangu, chini ya kitambaa chekundu. Itafungwa bwenini, mtaitazama mkiwa mmelala, nayo itawaonyesha tamthilia mpya ya shujaa ambayo dunia nzima inaizungumzia, iitwayo *Kishindo: Kabla ya Joho*. Kwa wasiofahamu, Kishindo ni yule shujaa arukaye juu ya majengo na kusimamisha magari kwa kifua. Lakini tamthilia hii haimwonyeshi hivyo. Inaturudisha nyuma, kabla hajapata joho, kabla hajapata nguvu, wakati alipokuwa mtu wa kawaida tu kama ninyi. Au niseme kama sisi.

("Sema kama ninyi, tumezoea!")

Niruhusuni nitoe maoni yangu ya awali, kwa kuwa nimeitazama sehemu ya kwanza kwa niaba yenu. La kwanza: picha ni safi, unaona hadi jasho. La pili: shujaa haruki. Ndugu zangu, nilikaa kwenye kochi langu nikisubiri aruke, chai ikapoa, hakuruka. Anabeba mabati kwenye karakana ya mjomba wake, anagombana na mamake, anaogopa hata kupanda juu ya kiti kubadilisha taa. Nilitaka kuzima. Lakini karibu na mwisho anatumwa juu ya paa kuziba tundu, anateleza, na anaanguka! Hapo nikainuka, nikazima, nikasema: hili ndilo somo. Hata shujaa alianza kwa kuanguka. Kuanguka ndiko kunakomjenga mtu!

(Kutoka kwenye dirisha la bweni, Paka anagonga nondo za dirisha kwa fimbo yake mara moja.)

Nashukuru kwa makofi hayo kutoka bwenini.

("Mheshimiwa," Mama Jiko anasimama, mwiko mkononi. "Samahani, wewe ulizima mapema. Sisi tuliiona jikoni kwenye simu ya binti yangu. Yule kijana hakufika chini. Aliangukia kamba za nguo za mamake. Mashuka yakamnasa, kamba zikakatika moja moja, akatua kama mtoto kitandani. Mamake akamchapa kwa kumchafulia mashuka." "Ee, ndivyo!" "Hata shujaa alinaswa!" Makofi makubwa ambayo hayakuombwa.)

Utulivu, utulivu. Mama Jiko, tunathamini mrejesho wako, lakini tusitekwe na mambo ya mashuka. Tutazame picha kubwa. Ninachosema ni kwamba kila shujaa ana utangulizi wake, na ninyi, ndugu zangu, mko kwenye utangulizi wenu. Joho linakuja. Wavu unakuja. Upo njiani, kimkakati. Lakini huwezi kuanza hadithi kwa msimu wa pili! Mmeacha wake zenu, mmeacha mama zenu, mmekuja mbali kote huku. Mtu aliyeweza kuvumilia hayo atashindwaje kuvumilia mabomba machache? Kwa hiyo kesho asubuhi kazi ya ghorofa ya juu itaendelea kama ilivyopangwa, na ninayo furaha kutangaza kwamba nafasi ya Paka itachukuliwa na mdogo wake, huyu huyu Kimya. Familia moja, moyo mmoja! Mpigieni makofi!

(Hakuna anayepiga. Mnyapara naye ameweka mikono mfukoni.)

Basi tuamshe morali. Nikisema "Utangulizi", mseme "Uvumilivu"! Utangulizi!

("Wavu!")

Hamkunisikia. Utangulizi!

("Wavu!")

Naona kuna changamoto ya uelewa. Tuendelee na uzinduzi. Ndugu mpiga picha, kaa tayari. Nahesabu, moja, mbili, na… huu upepo nao… shikeni! Shikeni kitambaa! Shikeni run…

(Upepo umechukua kitambaa, na baada ya kitambaa umechukua runinga. Imeruka kama karatasi. Inaanguka kutoka juu ya jukwaa, inajigeuza, inapiga zege na kupasuka. Ni boksi. Ndani hamna kitu, hata waya. Tungeweza kucheka, lakini tumelitazama likianguka njia yote, na wenzetu wa mbele walinyoosha mikono kulidaka.)

Hilo… hilo lilikuwa boksi la mfano. Runinga yenyewe inakamilishwa. Imo katika hatua ya… Bwana Kimya, unakwenda wapi? Bwana Kimya. Ngazi inateleza pale chini, mlimwaga maji asubuhi, naiona inacheza kutoka huku. Mbona mbao hizi zinatingishika hivi?

(Kimya ameiachia ngazi. Amekwenda kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na boksi. Anasema, na wengi wetu hatujawahi kuisikia sauti yake: "Mabomba hutingishika, bosi. Kule juu hutingishika zaidi.")

Mnyapara! Mwambie ashike ngazi!

("Hiyo ni desturi yao, Mheshimiwa," anasema Mnyapara. "Haijaingizwa kwenye mfumo.")

Wahandisi! Pigeni honi basi, nijue mnanisikia.

(Gari la wahandisi linafunga vioo.)

Nashuka. Nimesema nashuka! Si ndilo neno lenu? Mbona hakuna anayejibu?

("Mheshimiwa," anasema Mama Jiko, kwa upole kama anayempoza mgonjwa. "Vumilia. Ndio utangulizi.")

(Kicheko, kisha kinakatika chenyewe, kwa sababu magoti yake yanaonekana yakicheza. Hakuna kati yetu asiyeyajua magoti hayo.)

Ndugu zangu. Sikilizeni. Nimeshika bomba kwa mkono mmoja na kipaza sauti kwa mwingine, na siwezi kuachia chochote kati ya hivyo viwili, kwa hiyo nitasema kwa kifupi. Wavu hauko njiani. Haukuagizwa. Hakuna kamati ndogo, na ile kubwa ni mimi. Niliogopa kupeleka ombi lenu juu, maana aliyekuwapo kabla yangu alipeleka, na hayupo tena. Runinga haipo. Boksi ni la kule kwangu nyumbani. Na ile tamthilia, ni kweli nilizima mapema, kwa sababu sikutaka kumwona yule kijana akifika chini.

Hapa juu pana baridi. Sikujua.

Mnyapara, andika, na kama huna kalamu, shika kichwani. Wote mmenisikia kwenye spika, na wale wa garini pia, vioo haviwezi kuzuia spika hii. Kesho hapandi mtu. Si Kimya, si mwingine. Hapandi mtu mpaka wavu ufungwe, na siku ukifungwa nitajirusha mimi wa kwanza, nione kama unanasa. Wakinifukuza, mtaniona hapa hapa nikiomba kazi ya zege.

Nawashukuru kwa kuja kwenye uzinduzi wa kitu ambacho hakikuwapo. Nashuka.

(Kimya anainuka. Anajifuta mikono kwenye suruali, anaikita miguu kwenye zege lililolowa, anashika ngazi kwa mikono yote miwili. Dirishani Paka hagongi chochote.

"Nimekushika, bosi. Tazama mbele. Usitazame chini.")