Ombi la Daftari la Mama na Nguruwe

Mheshimiwa Mkuu wa Kituo cha Afya ya Mifugo,

Baridi imelegea, na mtaani kwetu kila mtu anapiga chafya kwa sababu ya chavua ya mierezi. Natumaini pua yako ni nzima.

Mimi ni Shiori Tokunaga, mama wa Konoha, wa mwaka mmoja na nusu, na wa Zunda, nguruwe wa miezi kumi. Sekondari niliiachia njiani, kwa hiyo nikikosea adabu mahali, nisamehe. Barua yenu inasema nisipoleta kumbukumbu za afya za Zunda zenye muhuri wa daktari kabla ya tarehe kumi na tano Aprili, hataruhusiwa kukaa kwetu tena. Nimelia kidogo, nikanawa uso, nikaketi kuandika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Muhuri haupatikani. Daktari wa mbwa na paka alimtazama Zunda kupitia kioo cha mlango, akasema, "Dada, huyo ni mfugo. Mtafutie daktari wa mashambani." Nikampigia wa mashambani. "Unao wangapi?" "Mmoja." Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, nipigie wakifika mia." Mheshimiwa, nyumba yetu ina vyumba viwili na jiko. Wakifika mia, mume wangu alale wapi?

2. Fomu yenu inatuita shamba. Inataka kila anayeingia aandikwe, akanyage dawa ya kuua vijidudu, abadilishe viatu. Viatu sawa, nani huingia ndani na viatu? Lakini mama mkwe alipokuja na sanduku la machungwa, ilibidi nimwombe asaini daftari la wageni: jina, saa, na kama wiki hii amegusa nguruwe mwingine. Akaandika, "Nimemgusa mwanangu Ryohei." Tangu siku hiyo hajarudi. Penye idadi ya wafanyakazi nimejaza watatu, Konoha akiwemo, kwani yeye ndiye anayemlisha Zunda. Kama ni kosa kumwajiri mtoto, kosa hilo ni la fomu.

3. Kwa kuwa hamna daftari la nguruwe mmoja, nimetumia nililo nalo: Daftari la Mama na Mtoto, lile ambalo manispaa humpa kila mwenye mimba. La Konoha lina kurasa nyingi tupu kwa nyuma. Na ni daftari zuri! Lina chanjo, lina meno, lina maswali ya upole. Je, anageuka akiitwa jina? Ndiyo. Je, anaiga watu wazima? Ndiyo, hasa baba yake akikoroma. Je, mama, una mtu wa kuzungumza naye mchana? Hapo niliandika: Zunda.

Kasoro ni mchoro wa uzito. Zunda aliupita akiwa na miezi mitano tu. Nikabandika karatasi, kisha nyingine. Sasa ukiukunjua unafika kwenye friji.

4. Hili ndilo lililoniumiza. Siku ya kupima watoto, muuguzi alilifungua daftari kwa nyuma. "Mama Konoha, kilo arobaini na mbili?" Nikamwambia hizo ni za wiki iliyopita, ameshaongeza. "Anakula nini jamani?" Viazi vitamu na makapi ya tofu. "Na hizi kucha ulizoziandika hapa?" Nikasema ukweli, kwamba zimerefuka, hata mkasi wa bustani umeshindwa. Muuguzi akanishika mkono. "Pole, mama. Hauko peke yako."

Kesho yake wakaja watu wawili wa ustawi wa watoto. Wakamkuta Konoha, kilo kumi, ana afya tele. Wakampima mara mbili. Wakaniuliza, kwa adabu lakini bila kutabasamu, kilo thelathini na mbili zimekwenda wapi. Ndipo Zunda akatoka jikoni.

5. Kwa hiyo naomba kwa heshima mtoe Daftari la Mama na Nguruwe. Anayegeuka akiitwa jina lake si mfugo. Asiye mfugo hana shamba. Pasipo shamba, fomu yenu haina pa kwenda, na fomu isiyo na pa kwenda haina tarehe ya mwisho. Aidha nipewe ile beji ya wajawazito ya kuning'iniza mkobani ili watu wanipishe kiti kwenye treni, maana sijasikia mimba yenye kilo arobaini na mbili.

Nisalimie aliyeipiga chapa barua yenu, mlinzi wa getini, na ng'ombe wote walio chini ya uangalizi wenu. Konoha anawapungia mkono. Zunda amelala.

Mimi, ninayewategemea kwa moyo wote,
Shiori Tokunaga

N.B. Bahasha nilikuwa bado sijaifunga, daktari wa mashambani akapiga simu. Kumbe mkewe alimsikia akinicheka, akamgombeza sana. Sasa daktari anasema mbwa hupelekwa kwa daktari, lakini shamba hufuatwa lilipo. Atakuja Alhamisi, na koleo la kukatia kwato na muhuri wake, mradi tu pawe ni shamba kweli. Mheshimiwa, sisi ni shamba. Tumekuwa shamba tangu mwanzo. Yote niliyoandika hapo juu yafuteni, isipokuwa salamu.