Uso Rasmi wa Mkurugenzi Mkuu

Ilitangazwa rasmi, kwa vipaza sauti na kwa mabango, kwamba kuanzia siku hiyo kuanguka kwa mitambo ya kompyuta kumepigwa marufuku. Tangazo lilitolewa na Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Utafiti wa Mitambo Isiyoanguka, akiwa amesimama kwenye ngazi za jengo lake jipya, suti imembana kitambi. Alieleza kwamba baada ya utafiti wa kina, shirikishi na endelevu, imebainika kuwa chanzo kikuu cha mitambo kuanguka ni watu kusema imeanguka. Neno hilo likafutwa. Mtambo ukizimika, umepumzika. Ukigoma kabisa, uko kwenye tafakuri. Watafiti walipiga makofi kwa nguvu, maana Mkurugenzi alikuwa akiwatazama mikono.

Tusimwonee mtu wa watu. Alikuwa na haraka yake. Kiti cha Katibu Mkuu wa Wizara kilikuwa wazi, na Waziri alishamtupia neno kwamba uzinduzi wa milango ukienda vizuri, "tutaangalia". Mtu aliyezoea serikali akiambiwa "tutaangalia" na waziri hapati usingizi. Mkewe nyumbani alishaanza kumwita Katibu, na yeye alikuwa anaitika.

Milango yenyewe ilikuwa hivi. Haina kitasa wala ufunguo. Unasimama mbele ya kamera, kamera inakutazama, kisha mitambo mitatu iliyo chumba cha ndani inapiga kura: huyu ni nani, aingie au asiingie. Mmoja uliitwa Mkubwa, wa pili Msaidizi, wa tatu Msaidizi wa Msaidizi. Baada ya uzinduzi, milango ya aina hiyo hiyo ingewekwa kwenye kila wodi ya hospitali kuu ya mji.

Hapo ndipo palipomkosesha raha kiongozi wa utafiti. Binti huyu alikuwa mtoto wa dada yake Mkurugenzi, nyumbani akimwita mjomba, kazini Mheshimiwa, na mama yake mzazi ndiye aliyekuwa muuguzi mkuu wa hospitali ile. Alijua kabisa kwamba mlango ukigoma, mama yake ndiye atakayekuwa upande mmoja na mgonjwa upande wa pili.

Balaa lilianzia kwenye mazoezi. Mkubwa alisema mlango wa stoo umefungwa. Msaidizi na mwenzake wakasema uko wazi. Na kweli ulikuwa wazi, kila mtu aliuona, upepo ulikuwa unaupigapiga. Watafiti wakafurahi, kwa sababu hicho ndicho walichokuwa wanakitafuta. Mkurugenzi hakufurahi. Aliwaita ofisini, akafunga mlango, akauliza tangu lini wasaidizi wakambishia mkubwa wao mbele ya watu.

"Mheshimiwa, ndiyo maana wako watatu," binti alimweleza. "Mmoja akikosea, wawili wanamsahihisha."

"Wanamsahihisha nani?"

"Mkubwa."

Mkurugenzi alimtazama mpwa wake kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyekataa sindano. Alisema yeye yuko serikalini tangu binti huyo hajaota meno, na hajaona taasisi iliyosimama kwa staili hiyo. Siku ile ile likatoka Agizo la Nidhamu ya Mitambo: Msaidizi na Msaidizi wa Msaidizi, kabla ya kupiga kura yoyote, watamuuliza kwanza Mkubwa amepigaje. Tangu hapo kura zikawa tatu kwa sifuri kila siku, na Mkurugenzi akaandika kwenye taarifa yake kwamba uthabiti umeongezeka. Akaongeza na kifungu chake mwenyewe, ambacho Waziri alikipenda mpaka akakisaini bila kukaa chini: jibu litakalokubaliwa na mitambo yote mitatu ni jibu la serikali, na halitapingwa kwa neno la mtu yeyote, awe na cheo gani.

Binti hakukata tamaa. Aliomba jambo moja tu, aruhusiwe kuchomoa waya wa mtambo mmoja ukiwa unafanya kazi, waone mingine itafanya nini. Alisema ukitaka kujua kitu kinahimili, lazima ukisumbue kidogo. Mkurugenzi akaliona hilo kuwa hujuma iliyovaa koti la maabara. Lakini kwa kuwa ni mtoto wa dada yake, hakumfukuza. Aliunda kamati. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikaridhia jaribio lifanyike kwa sharti kwamba mtambo uzimwe kwanza ndipo waya uchomolewe, ili usidhurike. Jaribio likafanyika hivyo, mbele ya wapiga picha. Mtambo uliozimwa ulichomolewa waya na haukuonyesha dalili yoyote ya wasiwasi. Ukapewa alama zote.

"Mjomba," binti alimwambia jioni hiyo kwenye ngazi, akisahau kwamba bado wako kazini, "mlango wa wodi ya mama ukigoma, itakuwaje?"

"Hautagoma. Tumepiga marufuku."

Ikabaki suala la picha. Ili mitambo imjue mtu, inabidi ionyeshwe sura yake, tena mara nyingi, akiwa amenuna, akiwa amecheka, kwenye jua na kivulini. Wafanyakazi wote walipigwa picha za namna hiyo, mpaka mlinzi wa getini, yule waliyemzoea kwa jina la Kamanda. Mkurugenzi alikataa. Sura yake ilikuwa tayari ipo, ile rasmi, iliyotundikwa kila ofisi. Ilipigwa zamani, kipara hakijabisha hodi, halafu ikapitishwa kwa fundi wa picha aliyeondoa mikunjo, akapunguza kidevu na kuongeza nywele kwa moyo mkunjufu. Binti alijaribu kusema kwamba, samahani Mheshimiwa, picha na mwenyewe vimeachana kidogo. Akaambiwa mtambo wa serikali utamwona Mkurugenzi kama taifa linavyomwona.

Siku ya uzinduzi turubai lilifungwa nje, viti vikapangwa, na vipaza sauti vikaunganishwa ili walio nje wasikie yote yatakayosemwa ndani. Muuguzi mkuu alikuja moja kwa moja kutoka zamu, macho mekundu, kupokea milango kwa niaba ya hospitali. Akakaa kiti cha mbele karibu na picha rasmi ya kaka yake, iliyowekwa kwenye fremu kubwa kuliko meza. Mlango ulikuwa umeshikiliwa wazi kwa tofali, kwa sababu mitambo ilikuwa imepumzishwa isichoke kabla ya kazi. Waziri akaingia na msafara wake, mama mwenye mwendo wa kasi na miwani ya bei mbaya. Utaratibu ulikuwa kwamba abonyeze kitufe, tofali liondolewe, mlango ujifunge, na mtu wa kwanza kutambuliwa na kuingia awe Mkurugenzi Mkuu, akipokewa ndani kwa makofi.

Kitufe kikabonyezwa. Mlango ukajifunga kwa sauti tamu. Mkurugenzi akarekebisha tai, akasogea mbele ya kamera na kutabasamu.

"Uso haujulikani," mlango ulisema. "Kura tatu kwa sifuri. Tafadhali chukua beji ya mgeni."

Akatabasamu zaidi. Haujulikani. Akaacha kutabasamu. Haujulikani. Akavuta shavu, akanyanyua kidevu, akakilaza kipara upande ili nywele tatu zilizobaki zionekane. Jasho likaanza kumtoka kwapani. Kisanduku cha ukutani, bila kuombwa, kikamtolea beji iliyoandikwa MGENI. Kamanda, ambaye alikuwa mtu wa utaratibu, akamsaidia kuibandika kifuani. Yule dada mtu akainuka kwenye kiti chake akasema huyu ni kaka yangu, nimembeba mgongoni huyu, nini kisichojulikana hapo. Ndani, mtu wa Wizara akasoma kile kifungu cha jibu la serikali kwenye kipaza sauti, neno kwa neno, kwa sauti nzuri. Mkurugenzi akasikiliza maandishi yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akayaona marefu.

Jua lilikuwa kali, limeshaingia chini ya turubai mpaka viti vya mbele. Kamanda, akiogopa picha ya Mkurugenzi isije ikapauka, aliikumbatia fremu kuipeleka kivulini, na kivuli kilikuwa pale mlangoni. Kamera ikaiona.

"Karibu sana, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu," mlango ulisema, ukafunguka wote. "Kura tatu kwa sifuri."

Kamanda akapigwa na butwaa, lakini mlango wa serikali ukikukaribisha huwezi kuuachia njiani. Akaingia na picha. Makofi ya ndani yakasikika mpaka barabarani. Mkurugenzi aliruka kumfuata, ila mlango ulitengenezwa usiruhusu wawili, kwa sababu za kiusalama alizozipendekeza yeye. Ulimfungia puani.

Kilichofuata alikisikia kwenye vipaza sauti. Waziri alikohoa kidogo. Huwezi kusaini kifungu wiki hii ukakikana wiki hii hii, tena mbele ya waandishi. Akasema kwa kuwa mitambo yote imemtambua Mkurugenzi Mkuu, basi akae kwenye kiti chake, ratiba iendelee. Viti vikakwaruza sakafu. Mtu akasema iegemezeni vizuri isianguke, mwingine akamkumbusha kwamba neno hilo haliruhusiwi. Waziri akaipongeza ofisi ya Mkurugenzi kwa utulivu na kwa kutokatiza wengine, sifa ambayo Mkurugenzi hakuwahi kuipata siku zote alizokaa kiti hicho mwenyewe.

Kisha ikasikika sauti ya mpwa wake. Ratiba ilikuwa imefika kwenye kurudia lile jaribio la kuchomoa waya. Alisema anaomba kulifanya mtambo ukiwa unafanya kazi, bila kuuzima, kwa sababu kuanzia mwezi ujao nyuma ya milango hii watakuwa wagonjwa, na hao hawatazimwa kwanza.

"Mkurugenzi amekataa?" Waziri aliuliza.

"Hajakataa, Mheshimiwa."

"Basi fanya. Nina safari."

Nje, Mkurugenzi aliupiga mlango kwa viganja vyote viwili. Alipiga kelele asichomoe, usichomoe wewe mtoto, nasema mimi. Mlango ukamshukuru kwa kutembelea taasisi. Ndani binti akavuta waya wa Mkubwa. Taa ya Mkubwa ikazimika. Msaidizi, kwa nidhamu, akamuuliza Mkubwa amepigaje, akasubiri. Msaidizi wa Msaidizi naye akauliza, akasubiri. Milango yote ya jengo, ya ofisi, ya ukumbi na ya vyoo, ikajikaza ilivyokuwa, na juu ya kila mlango yakatokea maandishi mekundu: TUNASUBIRI MAELEKEZO KUTOKA JUU.

Halafu binti akasema taratibu kwenye kipaza sauti, na kila mtu chini ya turubai akamsikia, kwamba mitambo imeanguka. Akalirudia neno hilo. Dada mtu alivuta pumzi kama aliyetua mzigo, akasema sawa, milango ya kwetu iacheni na vitasa vyake. Waandishi wakaandika.

Haikuchukua muda dirisha la juu likafunguliwa na Waziri akatoa kichwa, miwani imempinda. Alisema hewa ndani inakuwa nzito, msafara umeanza kusukumana, na anataka kumjua anayehusika na upuuzi huu, sasa hivi, ili amshughulikie kikamilifu. Akawatazama wote waliokuwa chini. Macho yakamfikia mwanaume mwenye kipara aliyelowa jasho pale mlangoni.

"Wewe hapo! Wewe ni nani kwenye taasisi hii?"

Mkurugenzi akafungua mdomo. Nusu saa nzima alikuwa ameililia nafasi hii ya kuulizwa. Akakifikiria kiti cha Katibu, akamfikiria mkewe, akalisikia tena lile neno, kikamilifu. Dada yake alikuwa anamtazama, hamsaidii.

Akashusha macho taratibu mpaka kifuani, akailaza vizuri kona ya beji iliyokuwa imeanza kubanduka.

"Mimi mgeni tu, Mheshimiwa," alisema. "Muulize Mkurugenzi Mkuu. Uko naye humo humo ndani."