Tovuti Iliyokosa Shikamoo

Kitendawili! Nyumba yangu haina ukuta, haina paa wala mlango, na wageni elfu huingia kwa kidole kimoja. Umeshindwa? Basi nipe mji. Kahama? Aa, Kahama naenda kila wiki, niongeze. Mwanza? Haya, nimekwenda Mwanza, nimekula sato nikashiba, nimerudi, na jibu lako hili hapa: ni tovuti.

Usicheke. Pale Ngokolo, mjini Shinyanga, kuna chuo cha biashara ambacho kiligundua kwamba nyumba isiyo na mlango ni hatari kwa utawala. Ndiyo maana Jumatatu moja lilibandikwa ukutani tangazo lenye mihuri mitatu:

“Kwa mamlaka niliyonayo, na baada ya mashauriano ya kina na nafsi yangu, naunda Kamati ya Kutathmini Mwonekano, Mwenendo na Urahisi wa Matumizi wa Tovuti za Kampeni za Wagombea Urais wa Wanafunzi. Tovuti itakayokosa alama hamsini, mwenyewe hatapigiwa kura. Mwalimu Valerian, Mlezi wa Wanafunzi, ambaye pia ndiye Mwenyekiti.”

Noela alilisoma akiwa na dumu la maji kichwani. Bweni la wasichana lilikuwa na tangi kubwa, jipya, limejaa pomoni, ila ufunguo wake ulikaa kwenye droo ya Mwalimu Valerian na ulitoka kwa barua tu. Barua ilijibiwa ndani ya siku ishirini na moja za kazi. Msichana aliyetaka kuoga leo alipaswa awe ameliona joto la leo mwezi uliopita. Noela aligombea kwa jambo hilo moja: rais wa wanafunzi huingia kwenye baraza la chuo, na kwenye baraza ndiko funguo zinakoulizwa.

Wagombea walikuwa wawili. Wa pili alikuwa Davis, mtoto wa dada yake Mwenyekiti, jambo ambalo kamati ililijadili na kuliona ni sadfa njema.

Jumanne kamati ilikaa, na wagombea wakaitwa mbele yake. Ili kuzipitia tovuti kwa utulivu, Mwenyekiti aliagiza zichapwe kwenye karatasi, nakala tatu tatu. Ya Davis ilitoka kurasa arobaini: picha ya Davis amevaa suti, picha ya mjomba wake amevaa suti, na salamu za ufunguzi saba. Kwenye simu ilichukua dakika kumi na moja kufunguka.

“Hiyo ndiyo hadhi,” alisema Mwenyekiti. “Mkubwa haji mbio. Alama tisini na sita.”

Ya Noela ilikuwa ukurasa mmoja, na katikati kitufe kimoja: *Bonyeza hapa kama leo hujaoga.* Mwenyekiti alikibonyeza kwa kidole gumba. Akakibonyeza tena. Akaigeuza karatasi kuangalia nyuma.

“Hakifanyi kazi. Paskalia, andika.”

Paskalia, karani wa kamati, ambaye wanafunzi humwita Mama Luka, aliandika. “Mwenyekiti, labda kwa sababu ni karatasi?”

“Kitufe imara hubonyezeka popote. Noela, mbona tovuti yako inafunguka ghafla hivi? Mtu hajakaa, hajapumzika, imeshamuuliza habari za kuoga!”

“Shikamoo Mwalimu,” alisema Noela. “Baba yangu ni mchimbaji wa dhahabu kule Nyarugusu. Husema ngazi ya duarani, kule shimoni, haipambwi, hupandwa. Mtu aliye chini kwenye shimo anachotaka ni kutoka.”

“Marahaba. Umeona? Wewe umeniamkia, tovuti yako haijaniamkia. Imeniambia ‘Karibu’ kama muuza nyanya wa soko la Kambarage! Mimi!”

Hapo hata Paskalia alitikisa kichwa kukubali, maana kwa Wasukuma salamu si jambo la kurukwa. Lakini akauliza, “Na akiifungua kijana? Tovuti imwamkie mtoto wa jana?”

Kamati ikalifanya swali hilo kuwa ajenda. Ilijadili hadi chai ikapoa, ikaagiza chai nyingine, nayo ikapoa. Mwishowe ikatoa maazimio. Azimio la kwanza: tovuti ibishe hodi. La pili: imuulize mgeni umri, ili ijue nani wa kuamkiwa. La tatu: kwa kuwa wapo vijana watakaojiongezea miaka wapate shikamoo ya bure, imuulize pia mwaka aliomaliza darasa la saba, ipige hesabu yenyewe, na asiyelingana asiingie kamwe, awe nani awe nani. Mwenyekiti alirudia “awe nani awe nani” mara mbili, akapiga muhuri.

“Una alama nne,” alimwambia Noela. “Rekebisha mpaka Ijumaa saa sita mchana. Ikishindwa kufunguka, jina linakatwa.”

Nje ya mlango Paskalia alimshika mkono. “Ng'wanawane, mwanangu, fanya walivyosema. Usipunguze, usiongeze.”

“Sawa, Mama Luka. Wabeja, asante sana.”

Akafanya hivyo hivyo, siku tatu, usiku na mchana.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mkuu wa Chuo, Mama Eufrasia, alikuja mwenyewe kusaini orodha ya wagombea. Tovuti ya Davis, iliyokuwa imeongezewa picha, ilikuwa bado inafunguka tangu asubuhi. Ya Noela ikamulikwa ukutani kwa projekta, na Mwenyekiti akatangaza kwamba mtumiaji wa kwanza, kwa niaba ya watumiaji wote wa kawaida, atakuwa yeye.

*Hodi,* iliandika tovuti.

“Aaa!” Mwenyekiti alifurahi. “Karibu, karibu. Sasa hii ina malezi.”

*Ulimaliza darasa la saba mwaka gani?*

“Sabini na tano!” Aliandika 1975 huku akiwageukia wanafunzi. “Enzi hizo shule ilikuwa shule. Nyie hata baba zenu walikuwa wanatambaa.”

*Una miaka mingapi?*

Akaandika 59, kama faili lake lilivyosema. Chuoni hapo mtumishi akitimiza sitini huagwa kwa keki na kurudi kwao, hivyo faili lilikuwa limembakishia mwaka mmoja. Tovuti ikafikiri kidogo, ikaandika kwa herufi kubwa, ukuta mzima:

*Samahani, mgeni wetu. Kwa hesabu hii ulimaliza la saba ukiwa na miaka tisa. Ili tujue namna ya kukuamkia: una miaka mingapi?*

Wanafunzi wa mstari wa mbele walianza kuhesabu kwa vidole.

“Nilikuwa na akili sana,” alisema Mwenyekiti.

Mama Eufrasia alivaa miwani. “Ulianza la kwanza ukiwa na miaka miwili, Mwalimu?”

“Nilikuwa mrefu.”

Nyuma kule mtu alikohoa, wakafuata wengine arobaini. Mwenyekiti aliinama kwa Noela, akanong'ona, “Futa hilo swali nikupe hamsini sasa hivi.”

Noela alitazama saa. Zilibaki dakika sita. Hamsini zilimtosha. Ufunguo wa tangi aliuona kabisa mkononi. Lakini aliikumbuka pia sauti iliyorudia “awe nani awe nani” mara mbili, akaona kwamba ufunguo unaotolewa kwa kunong'ona hurudishwa kwa kunong'ona.

“Mwalimu,” alisema kwa sauti ya kusikika, “nikilifuta, tovuti itakosa adabu. Na ninyi hamtaamkiwa.”

“Basi imefeli! Haifunguki!”

“Imefeli kwa lipi?” aliuliza Mama Eufrasia. “Imefanya ulichoiagiza, na muhuri wako ninao hapa. Mlango uko wazi, Mwalimu, unasubiri jibu lako tu. Ukijibu kweli, binti anapigiwa kura. Ukikataa, nitamwita mtu wa masijala alete faili na cheti chako cha la saba kilichomo, tuisaidie tovuti kuhesabu.”

Zikabaki dakika tatu. Zikabaki mbili. Swali lilikaa ukutani, jeupe, halina haraka. Mwenyekiti alimtazama Paskalia, na Paskalia akatazama kalamu. Akamtazama Davis, naye Davis akajificha nyuma ya simu iliyokuwa bado inafunguka. Hatimaye akavuta koti likae vizuri mabegani.

“Sitini na nne,” alisema Mwalimu Valerian. “Haya, sasa iniamkie.”